Mwanangu wa darasa la nne anatetemeka akiona daftari la hesabu, naombeni msaada jamani

MamaWawili_Moro aliandika:

Habari zenu wadau, naombeni mnisaidie maana nimefika mahali sijui nishike wapi niache wapi. Nina binti wa miaka 10 yuko la nne shule ya serikali hapa Morogoro. Kusoma anasoma vizuri sana, hadithi ukimpa anaimaliza siku hiyohiyo, Kiswahili na Sayansi yuko vizuri tu, ila hesabu ndo imekuwa kilio ndani ya nyumba. Ilianza la tatu mwishoni mwishoni nikadhani ni uvivu wa kitoto. Sasa hivi Jumanne na Alhamisi ambazo wanaanza asubuhi na hesabu za kichwa anaamka tumbo linamuuma, mara ya kwanza nikampeleka zahanati wakampima malaria na mkojo hamna kitu, mara ya pili hivyohivyo, mara ya tatu ndo nikakaa nikafikiria mbona Jumamosi haumwi huyu.

Nikambembeleza mpaka akasema. Kwenye hesabu za kichwa mwalimu anawasimamisha darasa zima, anauliza, ukipatia unakaa ukikosa unaendelea kusimama, na yeye kila siku ni kati ya wale watatu wanne wanaobaki wima wenzao wote wakiwa wamekaa wanawaangalia. Juzi usiku alikuwa sebuleni na homuweki nikamchungulia, anaandika jibu anafuta, anaandika anafuta, mpaka raba ikatoboa karatasi, akajaribu kuandika palepale kwenye kitundu kalamu ikaenda kugusa ukurasa wa chini. Niliposogea akalifunika daftari kwa mikono yote miwili kama mtu anaficha kidonda. Iliniuma mno.

Na kinachonichanganya zaidi ni hiki, nina meza ya mboga na viungo mbele ya nyumba na jioni yeye ndo ananiuzia, chenji hakosei hata siku moja. Mtu akija na elfu 5 amechukua vitu vya 2,700 anamrudishia 2,300 mimi nikiwa ndani nakaanga samaki. Ukimwekea kitu kama hichohicho kwenye karatasi analia.

Niseme na ukweli wangu, mi mwenyewe hesabu niliiogopa tangu shule na huwa namwambia usijali mwanangu hata mama ilinishinda, nikiwa na nia ya kumfariji. Nikimsaidia tunaanza vizuri tunaishia nafoka yeye analia. Baba yake anataka tuisheni, tulimpeleka miezi miwili, wako kama 40 kwenye kachumba kamoja, amerudi ana hofu zaidi. Mwezi wa kumi kuna upimaji wa kitaifa na watu wameshaanza kumtisha atarudia darasa. Nifanyeje?

fundi_bati aliandika:

Dada pole ila mi nitasema ninavyoona, watoto wa siku hizi tunawalea kwa mayai. Sisi tebo ya kuzidisha tuliikariri kwa fimbo mpaka 12 na leo napiga hesabu za bati na mbao kichwani bila kikokotoo. Mwekee ratiba, saa moja kila siku, akikosa arudie, atazoea tu. Hofu inatoka kwa kuizoea, hamna njia nyingine.

mwl_mstaafu aliandika:

Binti yangu pole sana, na hongera kwa kumsikiliza mtoto mpaka akafunguka, wazazi wengi tumbo hilo wangelimalizia kwa kofi. Nimefundisha hisabati shule ya msingi miaka 31, mingi ikiwa la tatu na la nne, na mtoto wako nimekutana naye mara nyingi sana kwa majina tofauti.

Kabla sijasema lolote naomba kitu kimoja. Chukua daftari lake akiwa amelala, uniandikie hapa makosa matatu ya kutoa kama alivyoyaandika mwenyewe, usirekebishe.

Fundi, nakuheshimu na kazi yako, ila kuhusu fimbo nitakujibu baadaye.

MamaWawili_Moro aliandika:

Shikamoo mwalimu, asante kwa kunijibu. Nimeangalia sasa hivi:

5,200 − 2,700 kaandika 3,500
702 − 348 kaandika 446
6,304 − 2,458 kaandika 4,154

Zote zina mkasi mwekundu wa kukosa.

mwl_mstaafu aliandika:

Marahaba. Sasa angalia vizuri mama, usiangalie mkasi, angalia mkono wa mtoto. Kwenye 702 − 348, mamoja ni 2 toa 8, yeye kafanya 8 toa 2 akapata 6. Makumi ni 0 toa 4, kafanya 4 toa 0 akapata 4. Mamia 7 toa 3 ni 4. Limetoka 446. Nenda kwenye zile nyingine mbili utakuta ni hivyohivyo, kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu ipi iko chini. Hakuna hata moja aliyobahatisha. Huyo mtoto ana kanuni moja aliyojitungia na anaifuata kwa uaminifu kabisa, shida ni kwamba kanuni yenyewe siyo. Mtoto asiyeelewa kitu angeleta majibu ya ovyo ovyo, wa kwako kila swali anakosea kwa njia ileile moja, na hiyo kwetu walimu ni habari njema sana kwa sababu unajua pa kuweka kidole.

Na hii inajibu lile la chenji. Mtoto wako pale mezani hatoi. Anapanda. Kwenye kichwa chake anasema kutoka 2,700 mpaka 3,000 ni mia tatu, kutoka 3,000 mpaka 5,000 ni elfu mbili, haya shika 2,300 yako. Ndivyo wauzaji wote wanavyofanya, hata wewe. Hiyo ni hisabati safi kabisa ila darasani hakuna aliyemwambia ni hisabati, huko anakutana na safu za tarakimu na neno kukopa.

Hili neno kukopa limenisumbua ualimu wangu wote. Mwaka mmoja mtoto wa la tatu aliniuliza, mwalimu tukishakopa kwa jirani tutamrudishia lini? Darasa likacheka, mimi nikanyamaza, maana alikuwa na haki. Hakuna anayekopa pale. Ni kuchenji tu. Tangu siku hiyo sikusema tena kukopa nikawa nasema tunavunja, kama unavyovunja hela.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye mezani kwako siyo kwenye daftari. Mpe noti tano za buku na sarafu mbili za mia, ni 5,200. Mwambie mteja anadai 2,700 na hataki kupewa zaidi wala pungufu. Atatoa buku mbili kirahisi, halafu ataangalia zile mia mbili na anatakiwa atoe mia saba. Nyamaza hapo. Usimsaidie. Ngoja hata dakika tatu, jishughulishe na vitunguu. Atakwambia mwenyewe, mama nipe chenji ya buku. Mpe mia kumi. Sasa ana mia 12, atatoa saba zitabaki tano, na buku zimebaki mbili. 2,500. Hapo ndo uchukue karatasi uandike alichokifanya mikono yake, ile 5 ikawa 4, ile 2 ikawa 12, aone kwamba zile alama ndogondogo ambazo mwalimu anaandika juu ya tarakimu ni hela yake aliyoivunja.

Ya sifuri katikati, kama 702, ndo inayowaliza wengi, usiende huko wiki ya kwanza. Ukifika tafuta vijiti vya ufagio, funga kumi kumi kwa uzi, halafu mafungu kumi ya kumi yafunge pamoja liwe bunda la mia. Mabunda 7, vijiti viwili, katikati hamna kitu. Anatakiwa kutoa vijiti 8 na anavyo 2, jirani hana hata fungu moja, itabidi avunje bunda apate mafungu kumi, halafu avunje fungu moja apate vijiti kumi. Akishavunja kwa mkono wake mara nne tano hatosahau.

Sasa hili la kusimamishwa. Nenda kwa mwalimu wake, nenda kwa upole, nenda saa za jioni akiwa hana darasa. Darasani huenda ana watoto 90, hana anavyoweza kujua tumbo la wako. Mwombe tu, mwalimu huyu wangu akiulizwa mbele ya wenzake anaganda, je anaweza kuandika jibu kwenye karatasi akakuonyesha? Mimi mwishoni darasa zima nilikuwa naliandikisha majibu kwenye vipande vya karatasi wanainua wote kwa pamoja, naona nani kapata nani kakosa na wao hawaonani. Inachukua muda uleule.

Fundi ndugu yangu, sasa fimbo. Kwanza kwa utaratibu wa wizara kiboko siyo cha kila mwalimu na kila jibu lililokosewa, ni mkuu wa shule au aliyepewa idhini naye kwa maandishi, havizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu, na ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Kushindwa 702 toa 348 siyo utovu wa nidhamu. Pili, nilichapa. Nilichapa miaka yangu ya kwanza na nikaona matokeo, wale wepesi walizidi kuwa wepesi na wale wazito walijifunza kitu kimoja tu, kunakili kwa jirani. Nikikumbuka sura zao hadi leo silali vizuri.

binti_mlimani aliandika:

Shikamoo mwalimu, nimesoma comenti yako mara mbili. Mi niko chuo nasoma ualimu, na hili la mtoto anayejua chenji ila hajui daftari lina utafiti maarufu kabisa. Mwaka 1985 watafiti wa Brazili, Carraher na wenzake, walichapisha kazi waliyofanya mji wa Recife na watoto 5 tu waliokuwa wanauza vitu mtaani na sokoni. Waliwaendea kama wateja wa kawaida wakawa wananunua, wakauliza nazi kadhaa ni bei gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi, watoto wakapatia asilimia 98. Baadaye wakawakalisha na karatasi na kalamu, hesabu zilezile ila za tarakimu tupu, wakapatia kama asilimia 37. Watoto walewale na namba zilezile! Kwa hiyo mama usidhani wako ana kitu cha ajabu.

Kingine nakuomba sana dada yangu, na naomba usinielewe vibaya, hiyo kauli ya hata mama ilinishinda iache kabisa. Kuna utafiti wa Marekani wa 2015 wa akina Maloney na Beilock, walifuatilia watoto wa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao mwaka mzima wa shule. Wazazi wenye hofu ya hesabu ambao walikuwa wanawasaidia watoto homuweki mara kwa mara, watoto wao walijifunza hesabu pungufu kuliko wenzao na wakamaliza mwaka nao wana hofu. Wazazi wenye hofu ileile ambao hawakuwa wanaingilia sana homuweki, hilo halikuonekana. Sio kwamba usimsaidie, ila ukiona sauti imeanza kupanda funga daftari, nendeni mkapike. Na yale ya mezani aliyosema mwalimu ni mazuri kwako pia kwa sababu pale mezani wewe huogopi.

Afu kuhusu kuganda. Kichwa kina sehemu ndogo ya kushikilia vitu kwa muda, ile unayotumia ukiambiwa 47 jumlisha 38 unashika 15 huku unatafuta makumi. Mtu akiwa na hofu ile sehemu inajaa mawazo ya nitachekwa nitachekwa, namba zinakosa pa kukaa. Ndo maana akiwa peke yake anaweza na akisimama mbele ya watu hawezi, anajua ila pa kushikia hana. Kwa hiyo fundi, saa moja kila siku ya kurudia huku analia ni saa moja ya kumfundisha kuogopa. Dakika 15 bila saa ya ukutani bila mtu kumsimamia zinatosha kwa mtoto wa umri huo, na mwachie mwisho wa kila siku swali moja ambalo unajua kabisa atapata.

kisauni_yetu aliandika:

Assalaam aleikum, mie niko Mombasa, nimesoma haya yote machozi yakanilenga maana kijana wangu wa gredi 5 tumepitia mambo hayohayo. Niongeze mawili tu ambayo sijaona mtu kayataja.

La kwanza mpime macho. Wangu sisi tulidhani hesabu haiingii, kumbe ubaoni haoni vizuri, akikopi swali 6 inakuwa 8, na tarakimu zake zikaenda upande upande, mamoja yaangukia kwenye makumi, sasa hata angekuwa na akili vipi jibu lingetoka wapi. Kiswahili hakikumpa tabu kwa sababu kitabu kiko mkononi. Tukampa miwani na daftari la viboksi, kila tarakimu chumba chake, nusu ya shida ikaondoka hapohapo. Nusu nyingine ilikuwa hofu iliyobaki, hiyo ndiyo ilitupa kazi.

La pili ni bao. Babake mume wangu ni mtu wa bao, kete 64 na mashimo 32, kila jioni barazani. Kijana akawa akaa kando yake. Mzee hakumfundisha hesabu hata kidogo, alimuuliza tu, ukinyanyua hapa kete ya mwisho yaangukia wapi? Mwanzo akawa yuwahesabu kwa kidole shimo baada ya shimo, baada ya miezi akawa ataja shimo kabla mzee hajanyanyua. Na akikosea mzee humwambia haya cheza uone, wacheza, yaanguka pengine, wacheka wote wawili waanza tena. Mie nilikuwa nawaangalia dirishani nikawaza, huyu ndiye yule aliyekuwa akikosea darasani ajikojolea? Kwa hiyo dada tafuta chochote chenye kuhesabu ambacho kukosea hakuna aibu, hata karata, hata rede ya kuhesabu na mdako.

Na kama umepima macho, umefanya ya mwalimu miezi kadhaa na bado hata kujua 8 na 6 ipi kubwa ni taabu, hapo mpeleke kwa mtaalamu, kuna watoto ambao namba zenyewe ndizo hazikai kama ambavyo wengine herufi hazikai. Ila mtoto arudishaye chenji sawasawa sidhani kama ndiye.

fundi_bati aliandika:

Nimesoma zote, mwalimu shikamoo. Nakubali nilijibu haraka. Nilivyosoma ile ya kunakili kwa jirani nimemkumbuka rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa anachapwa karibu kila siku ya hesabu, la sita akaacha shule moja kwa moja, mi nilikuwa nasema wote tulijua kumbe nilikuwa namsahau yeye. Sasa hivi ana genge kubwa la kuuza vitu, kipato chake kinazidi changu mimi, na hesabu zake zote anaweka kichwani.

Dada kama una futi kamba mpe. Mtoto wangu wa kiume nilimpa ile ya mita 5 akawa anapima kila kitu nyumbani, meza, mlango, urefu wa mdogo wake, anaandika ukutani kwa chaki. Namba alianza kuzipenda pale.

MamaWawili_Moro aliandika:

Jamani nimerudi, ni wiki ya nne sasa, samahani kwa kukaa kimya nilitaka nije na kitu cha kueleza.

Ya buku tano nilifanya siku ileile nilivyosoma. Alitoa buku mbili, akaziangalia zile mia mbili, akaniangalia, mi nikajifanya namenya vitunguu kama mwalimu alivyosema, nadhani ilipita dakika nzima moyo unanienda mbio kuliko wake. Akasema mama si tuvunje hii. Nikampa mia kumi. Nilipomwandikia kwenye karatasi akashika kalamu akaniuliza, kumbe ile 12 ya mwalimu ubaoni ndo hizi mia 12? Halafu akakasirika kabisa, akasema mbona hawakusema. Sikuwa na jibu.

Tulikaa kwenye hela wiki mbili, vijiti tumeanza juzi, sifuri katikati bado inamsumbua ila haliii, anasema tu ngoja nivunje bunda. Karatasi zinatoka safi hazina vitundu. Macho tulimpima yako sawa, asante dada wa Mombasa.

Kwa mwalimu wake nilienda na kusema kweli nilienda naogopa, nilidhani ataniona najifanya najua. Kumbe alinisikiliza, akasema hakujua kabisa, alidhani ni mtoto mkimya tu. Kusimamisha hajaacha kwa wote ila wangu na wale wenzake wawili amewaruhusu kuandika kwenye karatasi, akasema ataangalia kama ataweza darasa zima. Alhamisi iliyopita wangu alipata 6 kati ya 10. Tumbo bado lilimuuma Jumanne ya wiki juzi, wiki hii halijamuuma.

Ile kauli yangu nimeiacha. Ni ngumu kwa sababu inatoka yenyewe mdomoni. Jana aliniletea swali la kugawanya kwa njia ndefu na mi kugawanya sikujua tangu shule, nikataka kusema ile kitu nikajizuia nikamwambia ngoja tuanze na nyanya. Tukamwaga nyanya 84 kwenye kapu, tunagawa kwenye visado 6, tukawa tunagawa kumi kumi kwanza, kila kisado kumi, zikaisha 60 zikabaki 24, tukagawa tena nne nne. 14 kila kimoja. Nikaangalia lile swali kwenye daftari lake na kwa mara ya kwanza nikaelewa ile 60 wanaiandika chini ya 84 kwa nini.

Mwalimu, kwenye kugawanya zikibaki, kama nyanya 87 kwa 6, namwelezaje zile 3? Yeye anataka tuzikate.